Trampe, lifti ya baiskeli ya Trondheim: tathmini ya mtumiaji

Mji wa Trondheim, nchini Norway, una huduma moja ya usafiri ambayo safari yake haimalizi hata dakika mbili, haina nauli, haina kondakta, na hata hivyo naihesabu miongoni mwa huduma za umma zilizobuniwa kwa akili kuliko nyingi nilizowahi kutumia. Ni lifti ya baiskeli iitwayo Trampe, iliyotandazwa kando ya barabara ya Brubakken katika mtaa wa Bakklandet, mashariki mwa mto Nidelva. Kazi yake ni kumpandisha mlima mwendesha baiskeli akiwa juu ya baiskeli yake mwenyewe, pasipo kupiga pedeli. Naiandikia tathmini kama mkazi niliyeitumia katika shughuli za kawaida za kwenda darasani na kurudi, si kama mgeni aliyepita kupiga picha. Wapo Watanzania wanaofika Trondheim kusoma, kwa kuwa chuo kikuu cha NTNU kimekuwa na ushirikiano wa miongo mingi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hao nawaandikia kwanza. Lakini nawaandikia pia wakazi wa Kigali, Bukavu, Mwanza na miji mingine ya vilima ambao wameambiwa mara nyingi kwamba baiskeli ni chombo cha watu wa tambarare.

Nianze na mlima wenyewe, kwa sababu asiyeuelewa mlima ataiona lifti hii kuwa mchezo tu. Anayetoka katikati ya mji huvuka mto kwa Gamle Bybro, daraja kongwe ambalo umbo lake la sasa, pamoja na malango yake mekundu, ni la mwaka 1861. Akimaliza daraja anaingia Bakklandet, mtaa wa nyumba za mbao zilizopakwa rangi mbalimbali, na hapo hapo, kabla hajapata nafasi ya kuvuta pumzi, ardhi inainuka. Juu ya kilima ipo ngome ya Kristiansten, iliyojengwa baada ya moto mkubwa ulioteketeza mji mwaka 1681, na waliochagua mahali pa kuijenga walijua wanachokifanya: walitaka adui afike juu akiwa hoi. Leo wanaoupanda mlima huo ni wanafunzi, wauguzi, mafundi na wazazi wenye haraka ya kuwachukua watoto, na wengi wao hawana njia nyingine fupi ya kurudi nyumbani.

Lifti ina urefu wa mita 130 hivi, na palipo pakali zaidi mlima hupanda mita moja kwa kila mita tano za kwenda mbele, yaani mwinuko wa asilimia 20. Namba hizo zinastahili kupigiwa hesabu. Chukua mtu na baiskeli yake ambao kwa pamoja wana uzito wa kilo 90. Ili wapande mwinuko wa namna hiyo kwa mwendo wa mita mbili kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 7 kwa saa, miguu inatakiwa itoe zaidi ya wati 300, na hizo ni za kushindana na uzito peke yake kabla ya kuhesabu msuguano wa tairi na cheni. Mtu mwenye afya njema ambaye si mwanamichezo anaweza kutoa wati 100 hadi 150 kwa kitambo kirefu bila kuhema sana. Kwa wati 120 angepanda pale kwa mwendo usiofika kilomita 3 kwa saa, yaani polepole kuliko mtu anayetembea, na kwa mwendo huo baiskeli haitulii: usukani unayumba, gurudumu la mbele linatafuta upande wa kuangukia, na mwendeshaji hana budi kushuka. Ndiyo maana watu hushuka na kukokota. Wanaowaita wavivu hawajaipiga hesabu hiyo, na nasisitiza jambo hili kwa sababu nimelisikia likisemwa kwa dharau katika nchi nyingi, kwamba anayeshindwa mlima kwa baiskeli hana mazoezi. Katika mwinuko wa aina ya Brubakken, anayepanda kwa miguu yake bila kushuka ni mtu aliyejizoeza sana, na usafiri wa mji hauwezi kupangwa kwa kuwategemea watu wa aina hiyo.

Sasa nieleze namna lifti inavyotumika, maana picha hazitoshi. Chini ya mlima, kando ya barabara, pana mahali pa kuanzia penye kitufe cha kijani. Kutoka hapo hadi juu, sambamba na ukingo wa barabara, imelazwa reli nyembamba iliyozama ardhini, yenye upenyo katikati, na ndani ya upenyo huo ndimo kinamopita kibao cha kukanyagia. Mwendeshaji huisimamisha baiskeli yake upande wa kushoto wa reli, huacha mguu wa kushoto juu ya pedeli, huweka mguu wa kulia mahali pa kuanzia, kisha hubonyeza kitufe. Baada ya muda mfupi kibao hutokeza, huupokea mguu wa kulia chini ya soli na kuanza kuusukuma mbele. Hakuna mkanda, hakuna ndoano, hakuna kinachomshika mtu isipokuwa uzito wake mwenyewe juu ya kipande cha chuma kisichozidi sana upana wa kiatu.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi. Mwili ukisukumwa kutoka nyuma hutaka kukunja goti, na goti la kulia likikunjika, msukumo wote huishia kwenye paja badala ya kuifikia baiskeli. Baiskeli hubaki nyuma, mguu hutangulia, na mtu hujikuta amepiga msamba kati ya viwili. Inatakiwa mguu wa kulia unyooke na kukazwa, uzito wa mwili uegemee juu yake, makalio yaguse siti kidogo tu, kiwiliwili kielekee mbele, na macho yatazame juu ya mlima. Anayetazama kiatu chake huanguka. Nimewaona vijana wenye misuli iliyokomaa wakiteleza kutoka kwenye kibao ndani ya mita chache za mwanzo huku wenzao wakiwashangilia na simu mkononi, na nyuma yao nimemwona mama mtu mzima, mwenye kikapu cha mboga mbele ya usukani, akipanda kwa utulivu hadi juu na kumsalimu jirani aliyekuwa dirishani. Kinachowatofautisha ni mazoea, na mazoea hayo hupatikana haraka. Mtu akishapata mkao, msukumo ule ni kama mkono wa mzazi mgongoni mwa mtoto anayejifunza baiskeli: haumnyanyui, haumkimbizi, lakini haumwachi arudi nyuma. Akifika juu hunyanyua mguu, kibao huendelea na safari yake, na yeye hupiga pedeli na kuondoka.

Mtambo wenyewe hauonekani. Chini ya ardhi kuna kebo ya chuma inayovutwa na mota ya umeme, na msukumo wa kibao unatoka kwenye kebo hiyo. Ni ndugu wa karibu wa lifti zinazowapandisha milimani watelezaji wa theluji, ambazo watu wa Norway wanazifahamu tangu utotoni. Aliyeibuni ni Jarle Wanvik, mkazi wa Trondheim aliyependa kwenda kazini kwa baiskeli lakini hakupenda kufika akiwa amelowa jasho, na mwaka 1993 wazo lake likawa mtambo halisi barabarani. Hilo la jasho wengine hulichukulia kuwa jambo dogo, la mtu anayejipenda. Mimi naliona kubwa. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa saa 2 asubuhi, karani wa benki, daktari anayeinama juu ya mgonjwa, hao wote wanahukumiwa kwa mwonekano na harufu kabla hawajafungua kinywa, na mahali pao pa kazi mara nyingi hapana bafu. Nimesikia watu wengi wakitaja umbali kama sababu ya kuacha baiskeli nyumbani. Ukiwauliza vizuri, wengi wanaogopa kufika wamelowa. Mbunifu aliyeanzia kwenye jasho alianzia mahali sahihi.

Mtambo wa kwanza ulifanya kazi kwa takriban miaka 20, na inatajwa kwamba katika 15 ya mwanzo uliwapandisha zaidi ya waendesha baiskeli 200,000 bila ajali kuripotiwa. Mwaka 2013 ulifunguliwa mtambo mpya mahali pale pale, uliotengenezwa kwa teknolojia ya lifti za milimani ya kampuni ya Ufaransa ya POMA na kuuzwa kwa jina la CycloCable. Katika mabadiliko yaliyofanyika, ninalolithamini kuliko yote halihusu chuma wala mota. Hapo zamani mtumiaji alihitaji kadi maalumu ndipo lifti imkubali. Siku hizi kinachohitajika ni kidole cha kubonyeza kitufe. Huduma ya dakika moja ikidai kadi, inakuwa huduma ya waliojiandikisha tu, na mgeni, mtoto wa shule, au mtu aliyeazima baiskeli ya jirani anabaki chini akikokota. Kuondolewa kwa kadi kuliifanya lifti iwe sehemu ya barabara kama ilivyo taa ya mtaani, ambayo humulikia kila apitaye pasipo kumuuliza jina.

Mwendo wake ni kati ya mita moja na nusu na mita mbili kwa sekunde, kwa hiyo safari nzima huchukua dakika moja na ushee. Watu kadhaa wanaweza kuwa kwenye reli kwa wakati mmoja wakifuatana, na foleni ya jioni, hata ikionekana ndefu kidogo, husogea. Kinachoipunguzia kasi ni wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Anayeteleza katikati ya mlima hukokota baiskeli hadi juu au hurudi chini kuanza upya, na katika siku za kiangazi, watalii wanapojaa Bakklandet, mkazi mwenye haraka huweza kusubiri zaidi kuliko alivyopenda. Sisemi watalii wafukuzwe. Umaarufu walioupa mtambo huenda ndio uliosaidia uonekane unastahili kujengwa upya badala ya kung'olewa.

Mapungufu yake yapo, na yanafaa kusemwa wazi. La kwanza ni kwamba reli iko upande mmoja, hivyo ni mguu wa kulia peke yake unaofanya kazi. Mwenye tatizo la goti, nyonga au kifundo cha mguu wa kulia hana namna ya kubadilisha, na hao ni watu ambao pengine wangeihitaji lifti kuliko sisi wenye viungo vizima. La pili linahusu mzigo. Nisingemshauri mzazi aliyembeba mtoto kwenye kiti cha nyuma aitumie kabla hajaizoea kabisa akiwa peke yake, wala mwenye baiskeli ndefu ya kubebea mizigo au anayevuta kitoroli, kwa sababu usawa wote unategemea mguu mmoja na mabega mawili, na uzito ulioko mbali na mwili huvuta upande usiotarajiwa. Mlima kwa hiyo umelainishwa kwa mtu mmoja mwepesi, ilhali mwenye watoto wawili na mifuko ya sokoni anaendelea kukokota. La tatu ni majira. Trondheim iko kaskazini sana, na theluji na barafu zikishafunika barabara, lifti hufungwa. Mji huo una watu wengi wanaoendesha baiskeli hata wakati wa baridi, kwa tairi zenye misumari midogo ya chuma, na kwao mlima unakuwa mgumu maradufu katika miezi ile ile ambayo msaada haupo. Naelewa sababu: upenyo wa reli hujaa barafu, soli huteleza, na ajali moja mbaya ingeharibu sifa ya miaka mingi. Hata hivyo mwanafunzi anayefika Agosti na kuizoea lifti ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya mwaka wa masomo ataipanda Brubakken kwa njia ya zamani.

Swali ninaloulizwa kila ninapoisifu lifti hii ni hili: baiskeli za umeme zimeshafika, sasa reli ya mita 130 ni ya nini? Ni swali la haki. Baiskeli ya umeme inayoruhusiwa Norway, kama ilivyo katika Umoja wa Ulaya, ina mota ya wati 250 na husaidia hadi kilomita 25 kwa saa, na inamsaidia mwenyewe katika kila mlima, si mmoja tu. Ukizijumlisha wati 250 hizo na wati 120 za miguu, Brubakken inapandika bila lifti. Lakini yapo mambo mawili ambayo matangazo ya dukani hayayasemi kwa sauti. Mota iliyofungwa katikati ya gurudumu, ambayo ndiyo ya bei nafuu, haisaidiwi na gia za baiskeli; katika mlima mkali huzunguka polepole, hupata joto, na nguvu nyingi ya betri hupotea kama joto badala ya kupandisha mtu. Mota iliyofungwa penye pedeli hupitisha nguvu yake kwenye cheni na gia, na hiyo ndiyo inayofaa milima, lakini ndiyo ghali. La pili ni kwamba baiskeli nzuri ya umeme Norway hugharimu makumi ya maelfu ya krona, ina uzito unaozidi kilo 20, hutamaniwa na wezi, na mwanafunzi anayeishi ghorofa ya nne bila lifti ya jengo ataibeba au ataiacha nje aipoteze. Lifti ya barabarani humpandisha mwenye baiskeli kuukuu iliyonunuliwa mnadani sawasawa na mwenye baiskeli ya bei mbaya.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu juu ya huduma hii. Katika miji mingi mlima unahesabiwa kuwa shida ya mwenye miguu: akiwa na nguvu apande, akiwa na fedha anunue mota, asiye na hivi wala hivi apande basi au akokote. Trondheim, kwa mlima mmoja angalau, iliamua kwamba mlima ni jambo la barabara, na barabara ni mali ya wote, kwa hiyo aliye na wajibu wa kuupunguza makali ni mwenye barabara. Hakuna anayemwambia mwenye gari ajijengee daraja lake mwenyewe akifika mtoni.

Hata hivyo sidai kwamba kila mji uweke reli kama hii, na ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 tangu ya kwanza ijengwe, mfano wa Trondheim haujaenea. Ni mtambo wa mlima mfupi na mkali. Mlima ukiwa mrefu, kusimama kwa mguu mmoja ulionyooka kwa dakika tano au sita kungemchosha yeyote, na gharama ya kebo na matengenezo ingepanda kwa kila mita. Stuttgart, nchini Ujerumani, wanatumia njia nyingine kwa mlima mrefu: treni ya meno iliyoanza kazi mwaka 1884, inayopanda kutoka Marienplatz hadi Degerloch kwa umbali wa kilomita 2 hivi, ina behewa la wazi linalotangulia mbele yake ambalo abiria hupakia baiskeli zao. Mtu hupanda akiwa amekaa, baiskeli imefungwa mbele yake, na juu huteremka na kuendelea. Kwa mzazi mwenye mizigo, au mtu mwenye goti bovu, njia hiyo ni bora kuliko ya Trondheim, ingawa inahitaji kungoja treni.

Kwa miji yetu hesabu inabadilika tena. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na watu wengi waliuona mlima wa Kimihurura kwenye televisheni: barabara ya mawe ya kilomita 1.3 yenye mwinuko wa wastani wa asilimia 6.3. Kwa macho unatisha, na kwa wanariadha walioupanda mara nyingi kwa kasi ya mashindano ulikuwa mateso ya kweli. Lakini kwa msafiri wa kawaida asiye na haraka, mwinuko huo ni chini ya theluthi moja ya ule mkali wa Brubakken, na mtu yule yule wa kilo 90 kwa wati 120 angeupanda kwa karibu kilomita 7 kwa saa bila kushuka. Kinachomshusha njiani ni baiskeli aliyonayo. Baiskeli nyingi za kazi Afrika Mashariki ni zile nzito za gia moja, ambazo mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza baiskeli mita 5 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa mwendeshaji hulazimika kupiga mizunguko isiyofika 25 kwa dakika, kila mmoja ukiwa mzito wa kuumiza magoti. Mlima wa namna hiyo hauhitaji lifti. Unahitaji gia nyepesi, spea zinazopatikana kwa fundi wa mtaani, na nafasi ya kupandia barabarani. Nafasi hiyo iwe upande wa kupanda kwanza, kabla ya upande wa kushuka, kwa kuwa anayepanda ndiye anayeyumba na ndiye anayepitwa na magari kwa tofauti kubwa ya mwendo, ilhali anayeshuka huweza kwenda karibu sawa na magari.

Mfano unaonigusa zaidi uko Burundi. Barabara kuu inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama ni ndefu na yenye kona nyingi, na vijana huishusha kwa baiskeli zilizosheheni ndizi au mkaa, wakipeleka mjini. Kurudi juu kwa miguu kungekula siku nzima, kwa hiyo hudandia nyuma ya malori: mkono mmoja umeshika chuma cha lori, mwingine umeshika usukani, moshi wote usoni, na lori likifunga breki au likikata kona ghafla hakuna wa kumwokoa. Kimsingi wanachokifanya ni kile kile kinachofanywa Brubakken, yaani kuazima nguvu ya mtambo ili kuupanda mlima uliowashinda miguu. Upande mmoja serikali imeilaza nguvu hiyo chini ya ardhi, ikaipunguzia mwendo hadi ule wa mtu anayetembea haraka, ikaweka kitufe. Upande mwingine kijana anaitafuta mwenyewe nyuma ya lori la tani nyingi. Lifti ya mguu haingefaa pale, kwa urefu wa mlima na kwa aina ya mizigo. Lakini lori la wazi la kuwapandisha wao na baiskeli zao kwa nauli ndogo, kwa saa zinazojulikana, ni jambo linalowezekana kwa fedha zisizo nyingi, na linafanana na behewa la Stuttgart kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Nikirudi kwenye tathmini yenyewe, Trampe naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua inagawanyika kati ya majira ya baridi na mguu wa kulia, na la mguu naona lingeweza kurekebishwa siku mtambo utakapojengwa tena, hata kwa kuongeza reli ya pili upande wa kushoto wa njia. Zaidi ya hayo ningeomba mji usiishie Brubakken. Gløshaugen, kilipo chuo, ni kilima pia, na maelfu ya wanafunzi hukipanda kila asubuhi ya muhula wakiwa na mabegi mgongoni.

Kwa anayetaka kuijaribu, aende asubuhi ya siku ya mapumziko, kabla ya watalii na nje ya saa za watu kwenda kazini, barabara ikiwa kavu. Avae viatu vya soli ya mpira iliyo bapa; visigino virefu, kandambili na viatu vya mashindano vyenye chuma chini havifai. Ashushe siti kidogo ili mguu wa kushoto uweze kugusa ardhi akiteleza, aweke mzigo mgongoni badala ya kuuning'iniza kwenye usukani, aweke gia nyepesi kabla ya kubonyeza kitufe ili akifika juu asianze kuhangaika na cheni, na amwache mkazi aliye nyuma yake atangulie, kwa sababu kumtazama mtu anayejua, kwa karibu, kunafundisha kuliko maelezo yoyote niliyoyatoa hapa.